Fundi wa Trekta Anajibu: Mnyororo Umeufunga Wapi?

Barua za safari hii ni za watu wa aina mbili: wanaovuta na wanaonyanyua. Naanza na moja niliyoisoma mara mbili nikiwa nimesimama.

*Shikamoo fundi. Nina trekta ya hospawa 45. Juzi nilikuwa nang'oa kisiki. Nilipofunga mnyororo kwenye drobaa, tairi za nyuma ziliteleza tu. Jirani akaniambia niufunge juu, pale inapoingia toplinki, ule mkono wa juu wa kufungia zana, eti trekta itashika ardhi vizuri. Kweli ilishika, lakini magurudumu ya mbele yakanyanyuka mpaka nikawa naangalia mawingu. Nikakanyaga klachi, ikarudi chini kwa kishindo. Je, nikifunga mawe mbele itatosha? — Mwenye Kisiki*

Marahaba, mwanangu. Umeniandikia kwa sababu mguu wako uliiwahi klachi. Trekta ikianza kupinduka kinyumenyume, inafika pale ambapo hairudi tena kabla sekunde moja haijatimia, na sehemu kubwa ya muda huo dereva anautumia kushangaa.

Jirani yako hakudanganya, trekta ilishika kweli. Lakini jiulize huo uzito wa kushikia ulitoka wapi. Ulitoka puani, yaani mbele ya trekta. Chukua trekta ya kilo 2,000 ambayo ekseli ya mbele imebeba kilo 800, na kutoka ekseli hadi ekseli ni mita 2. Vuta kwa nguvu ya kilo 1,000 ukiwa umefunga kwenye drobaa, ule ubapa wa chuma wenye tundu ulio chini ya ekseli ya nyuma, tuseme sentimita 40 kutoka ardhini. Pua inapungukiwa kilo 200, zinabaki 600, na usukani bado unakusikia. Sasa pandisha mnyororo mpaka sentimita 90, kwenye tundu la toplinki. Nguvu ni ileile, lakini pua inapungukiwa kilo 450. Na hapo tumevuta kistaarabu. Ukiachia klachi kwa pupa, ukapita mshtuko wa kilo 1,800 kwenye mnyororo, ile pua ya juu haina kitu tena, inadaiwa. Kwa mshtuko huohuo, aliyefunga kwenye drobaa bado ana kilo 440 mbele.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalioni. Drobaa iko chini na nyuma ya ekseli, kwa hiyo pua ikipanda, yenyewe inashuka, na kadiri inavyoshuka ndivyo nguvu ya kupindua inavyopungua. Trekta inajirudisha. Tundu la toplinki haliko hivyo. Pua ikipanda, lenyewe linasogea nyuma tu huku likibaki juu, na mnyororo unaendelea kuvuta kana kwamba hakuna kilichotokea.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Nilipokuwa mwanagenzi niliachwa peke yangu nitoe tela lililozama, nami nikafunga juu kwa sababu palikuwa karibu na mkono na sikutaka kupiga magoti kwenye tope. Kumbukumbu niliyobaki nayo ni usukani: ghafla ukawa mwepesi, unazunguka kama sahani mezani, na injini haikubadilisha hata sauti. Mguu wangu haukuiwahi klachi kama wako. Kilichoniokoa ni mnyororo kukatika. Pete moja ikapita kushoto kwangu na kuacha tundu kwenye madigadi, kubwa kiasi cha kupitisha kidole gumba. Mwalimu wangu alirudi, akalitazama tundu, akaingiza kidole chake, akanitazama mimi, akaenda zake. Madigadi ile hakuizibisha kamwe.

Wala si tatizo la jana. Trekta nyepesi za miaka ya 1917 na kuendelea zilikuwa zikivuta plau kama vile ng'ombe anavyovuta, kwa mnyororo au chuma nyuma. Plau ikigonga jiwe, magurudumu yakaendelea kuzunguka, pua ikaja juu. Harry Ferguson wa Ireland ndiye aliyelikalia jambo hili miaka na miaka. Mwaka 1925 aliomba hataza ya mfumo wake, 1936 trekta zilizoubeba zikaanza kuuzwa, na 1939 ukatoka kwenye trekta ya Ford aina ya 9N. Ndio huu ulio nyuma ya trekta yako: mikono miwili ya chini inayovuta, na toplinki moja juu. Angalia ujanja wake. Plau iliyofungwa pointi tatu ikigonga kizuizi, inataka kupiga kichwa mbele. Haiwezi, kwa hiyo inaisukuma toplinki kuelekea trekta, na msukumo huo unaikandamiza pua chini. Yaani toplinki iliwekwa pale juu ili isukumwe. Wewe na jirani yako mmeigeuza kuwa mahali pa kuvutia.

Sasa kisiki chako. Fukua pembeni, kata mizizi ya juu kwa shoka, kisha funga kwenye drobaa, na drobaa yenyewe iwe imefungwa na pini zake isicheze. Tumia mnyororo, si kamba ya nailoni. Nailoni inanyumbuka, na ikikatika inarudi kwa kasi na chochote kilichofungwa kwenye ncha yake. Gea ndogo kabisa, sogea polepole mpaka mnyororo unyooke, ndipo uongeze moto. Usichukue mwendo ili uukurupushe. Watu wote wakae mbali kuliko urefu wa mnyororo. Tairi zikiteleza, shukuru: kuteleza ndiyo fyuzi ya trekta. Ina maana kisiki kimekushinda kwa leo, rudi kwenye shoka. Mawe ya kufunga kwa waya mbele yataanguka na kukanyagwa na tairi yako mwenyewe. Nunua vyuma vya uzito vilivyotengenezwa kwa trekta hiyo, lakini hata navyo usifunge juu. Na kama trekta yako ina ile fremu ya kukinga dereva, funga na mkanda, maana fremu bila mkanda inakinga kiti.

*Fundi, nimenunua haro iliyotumika, ile zana ya kuvunja mabonge ya udongo. Pini zake ni nene, haziingii kwenye macho ya mikono ya trekta yangu. Mchomeleaji anasema atayapanua macho kwa moto. Nimruhusu? — Dada wa Haro*

Usimruhusu, dada. Lile jicho lina gololi ya chuma kigumu inayogeuka ndani ya kikombe chake. Ukiipiga moto, ugumu unaondoka, gololi inalika upesi, na siku moja mkono unaachia.

Kitu kilichokupata ni kategoria. Vipimo vya pointi tatu vimewekwa kimataifa, kiwango chake kinaitwa ISO 730, ili zana ya mtengenezaji huyu ikubali trekta ya yule. Kategoria ya 1, ya trekta ndogo, pini ya juu ni milimita 19 na za chini ni 22. Kategoria ya 2, ya juu 25 na nusu, za chini 28 na kitu. Kategoria ya 3 inafika 32 juu na 37 chini. Azima kalipa, kile kipimo cha unene, upime pini za haro. Nadhani utakuta 28, na macho yako ni ya 22.

Ingekuwa kinyume, trekta kubwa na zana ndogo, ningekuambia uvalishe pini bushi, ile bomba fupi ya chuma, na kazi ingeishia hapo. Kwako haro ni ya kategoria ya juu kuliko trekta. Zipo pini za ngazi, nene upande wa zana na nyembamba upande wa trekta. Ila pima na upana pia, kutoka bega la pini moja hadi la nyingine: kategoria ya 1 ni kama milimita 683, ya 2 ni 825. Mikono ikilazimika kupanuka hivyo, inakaa vibaya na kupiga tairi. Na jambo lenyewe ni kwamba aliyeitengeneza haro ile alikuwa anafikiria trekta yenye nguvu kuliko yako. Kama bado unaweza kuirudisha, irudishe.

Nikiwa hapohapo kwenye pini: wapo wanaoweka bolti. Naziona kila wiki. Bolti ina kata, ile mikunjo ya kuzungushia nati, na ile kata ndiyo mahali pa kukatikia; ikikaa ndani ya jicho inasaga gololi kama tupa, na inapinda ili siku ya kuitoa uhitaji nyundo ya kilo 5 na maneno yasiyochapishika humu. Pini halisi ni laini mwili mzima na ina tundu la kufuli mwishoni. Hilo kufuli, lile lenye pete ya springi, huwa natembea na mawili ya akiba mfuko wa shati. Mke wangu ameyatoa kwenye maji ya kufulia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

*Mzee, kitabu kinasema trekta yangu inanyanyua kilo 1,200. Mashine yangu ya kupandia ina kilo 700 tu. Inainuka bila shida, lakini nikipita kwenye matuta mbele inadundadunda na kona zinanikataa. Je, haidroliki ina nguvu kupita kiasi? — Mpandaji*

Haidroliki haina kosa lolote. Kunyanyua ni kitu kimoja na kubeba ni kingine, na kitabu kimekujibu la kwanza tu. Hata hilo la kwanza, soma herufi ndogo: kilo zile zimepimwa kwenye ncha za mikono, au milimita 610 nyuma ya ncha? Tofauti si ndogo, kwa sababu uzito ukikaa mbali zaidi nyuma, kile pampu inachoweza kuinua kinapungua.

Tuazime tena trekta ya Mwenye Kisiki: kilo 2,000, mbele 800, mita 2 kati ya ekseli. Mashine yako ikiinuka, kitovu cha uzito wake tuseme kiko mita 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 700 kwa 1.4, gawa kwa 2: pua inapoteza kilo 490. Umebaki na 310. Kanuni tunayoifuata ni kwamba ekseli ya mbele isipungue asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu, yaani 400 kwa trekta hii. Unadaiwa 90. Habari njema ni kwamba uzito unaoning'inia mbele ya ekseli ya mbele nao una mkono wake. Ukikaa mita 1.2 mbele, kila kilo inafanya kazi ya kilo 1.6, hivyo kilo 60 za chuma zinalipa deni na chenji inabaki. Weka namba zako mwenyewe. Ekseli moja moja utazipima kwenye mzani wowote wa malori: gurudumu za mbele juu ya mzani, za nyuma nje.

Halafu tazama nyuma. Ekseli ya nyuma iliyokuwa na kilo 1,200 sasa inabeba karibu 2,350. Soma ubavuni mwa tairi kama zinaruhusiwa hivyo, na kwa upepo upi. Kuna wanaojaza maji kwenye tairi za nyuma wakidhani wanaisaidia pua. Maji yale yamekaa juu ya ekseli ya nyuma. Yanasaidia kushika ardhi, pua haipati hata gramu.

Mpaka upate vyuma vya mbele, safiri mashine ikiwa chini kadiri inavyowezekana bila kugusa, minyororo ya pembeni ya mikono ikiwa imekazwa isiyumbe, na mwendo wa mtu anayetembea.

*Plau haizami, inakwaruza tu. Nirefushe toplinki au nifupishe?*

Fupisha. Ncha ya plau itainama na kuingia. Mzunguko mmoja, jaribu mita ishirini, kisha mwingine. Ila kwanza tazama jembe lenyewe. Ukikuta ncha imekuwa ya mviringo kama kijiko, utazungusha toplinki mpaka iishe kata na haitazama.

*Fundi, karakana yetu inanyanyua injini za kilo 600 kwa loda. Tunaweka mnyororo mfupi kwenye macho mawili ya injini, ndoano inashika katikati. Mnyororo ni wa milimita 8, daraja la 80 (kiwango cha nguvu ya chuma chake), umeandikwa tani 2. Mwenzangu anataka tununue mrefu zaidi, mimi naona huu una nguvu mara tatu ya mzigo. Nani yuko sahihi? — Wabishi Wawili*

Mwenzako, na nitawapa njia ya kuthibitisha bila kunisikiliza mimi. Chukueni ndoo ya maji, ipitisheni kamba kwenye mpini, kila mmoja ashike ncha moja. Simameni karibukaribu: ndoo nyepesi. Sasa rudini nyuma hatua kwa hatua mkijaribu kuinyoosha kamba iwe sawa kama uzi wa mwashi. Mtavuta mpaka mishipa ya shingo itoke, na kamba haitanyooka. Maji hayajaongezeka.

Mnyororo wenu unafanya hivyohivyo. Injini ya kilo 600 kwa miguu miwili: mguu ukisimama nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mmoja unabeba karibu kilo 346. Nyuzi 45, kilo 424. Nyuzi 30, kila mguu kilo 600 nzima, kana kwamba mwenzake hayupo. Nyuzi 15, kilo 1,159. Nyuzi 10, mnafika 1,700 na zaidi, na zile tani 2 zimekaribia kwisha. Mnyororo mfupi kwenye injini ndefu unalala hivyo hasa. Mimi sikubali chini ya 45, na napenda 60.

Lakini mnyororo hautakuwa wa kwanza kuachia. Angalieni yale macho mawili ya injini. Yalitengenezwa kuvutwa juu; mguu uliolala unayavuta yaelekeane. Yapakeni rangi nyeupe mahali yanapokutana na bloku, na baada ya kunyanyua mara tano mtazame kama rangi imepasuka.

Machache mengine. Mnyororo haufupishwi kwa fundo wala kwa kupitisha bolti kati ya pete. Ipo ndoano maalumu ya kufupishia. Pete iliyolika sehemu ya kumi ya unene wake, mnyororo huo wa kufungia geti. Ndoano ambayo mdomo umeanza kufunguka haikunjwi kwa nyundo, inatupwa. Na kama kwenye loda mnaning'iniza mnyororo kwenye meno ya beleshi, acheni leo. Beleshi likiinama kidogo unateleza.

*Nikizima injini zana inashuka taratibu, kama saa nzima mpaka iguse. Nahitaji kubadilisha majembe chini yake. Nimeweka jiwe kubwa kama tegemeo. Ni sawa? — Mvivu wa Jeki*

Angalau jina umejichagulia kwa haki. Kushuka kwa saa nzima ni sili ya silinda iliyochoka au vali inayovuja ndani. Trekta nyingi za umri mkubwa ziko hivyo na zinaendelea kulima. Ikianza kushuka kwa dakika chache, au ukiona inatetemeka juu kama inapumua, mwite fundi afungue. Ukitafuta uvujaji kwenye hosi, usipapase kwa mkono. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kama la kuchomwa sindano kwa presha ya zaidi ya baa 150 yanatoboa ngozi na kuingia mwilini, na mtu huona kidoa tu mpaka mkono uvimbe. Huyo anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, si kesho. Pitisha kipande cha boksi kando ya hosi, boksi ndilo litakaloloa.

Tena, sili mpya nayo si tegemeo. Mtoto akigusa ile liva, au hosi ikapasuka, zana inashuka kwa mpigo mmoja. Jiwe lina mgongo wa mviringo na linapasuka bila kutoa taarifa. Tafuta stendi mbili za chuma, au magogo mawili ya mti mgumu yaliyochongwa bapa, uyalaze, usiyasimamishe. Shusha zana mpaka uzito wote ukae juu yake na mikono ilegee, zima injini, toa ufunguo utie mfukoni. Kisha isukume zana kwa bega. Ikicheza, panga upya kabla hujaingiza mkono.